Sura ya Tano: Udongo Unaojilinda

Magonjwa ya mimea yanayoletwa na kuvu, viumbe ambao wakulima wengi huwaita ukungu au fangasi, ni ya namna mbili, kwani yako yanayosafiri kwa upepo na kutua juu ya majani, ambayo mkulima huyaona mapema na kuyapulizia dawa, na yako yanayoanzia udongoni, ambayo huendelea kichinichini hadi siku mmea unaponyauka, na siku hiyo mzizi huwa umekwisha kuoza. Kundi hili la pili ndilo gumu. Humo mna kinyausi kinachoangusha miche ya nyanya na kabichi kitaluni, mnyauko wa migomba na nyanya unaoletwa na kuvu wa jenasi ya Fusarium, na aina nyingi za kuoza kwa mizizi ya maharage, pamba, tumbaku na ngano. Kuvu wa namna hii huweza kukaa udongoni kwa miaka, wengine wakijihifadhi katika spora zenye ganda gumu, yaani chembe za uzazi zinazoweza kulala muda mrefu bila chakula, na wengine wakiishi ndani ya mabaki ya mazao yaliyovunwa, kiasi kwamba dawa inayopuliziwa majani haiwafikii hata kidogo.

Kwa miongo kadhaa jibu la mashamba makubwa ya maua, mboga na matunda lilikuwa kufukiza udongo kwa methili bromidi, gesi inayoua karibu kila kilicho hai ardhini, waharibifu pamoja na wenye manufaa. Matumizi hayo yaliwekewa ukomo na Itifaki ya Montreal kwa sababu gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, nchi zilizoendelea zikitakiwa kuiacha ifikapo mwaka 2005 na nchi zinazoendelea ifikapo 2015, ukiondoa matumizi machache yaliyoruhusiwa. Lakini ufukizaji ulikuwa na kasoro nyingine isiyohusu anga. Kimelea aliyerudishwa shambani na mche mgonjwa au na tope lililoshika jembe alikuta udongo mtupu, usio na kiumbe wa kushindana naye, akaenea upesi kuliko ambavyo angeenea katika udongo wa kawaida. Kasoro hiyo inafunua jambo ambalo sura hii inalishughulikia: udongo wenye afya una ulinzi wake wenyewe, sehemu kubwa ya ulinzi huo ni kazi ya bakteria, na mkulima anayetaka kuutumia hana budi kufahamu kwanza bakteria hao wanaishi wapi na wanakula nini, kabla ya kuuliza wanaua nini.

Wanaishi hasa kandokando ya mizizi. Mwaka 1904 mwanasayansi wa Ujerumani, Lorenz Hiltner, alilipa jina la rizosfia tabaka jembamba la udongo linalouzunguka mzizi na kuathiriwa nao, akionyesha kwamba maisha ya vijidudu hapo ni tofauti na maisha ya udongo ulio mbali na mmea. Sababu ni chakula. Mmea hutengeneza sukari majanini kwa mwanga wa jua, kisha sehemu ya mazao hayo huteremka na kuvuja mizizini katika sura ya sukari, asidi mbalimbali na ute, na bakteria ambao udongoni kwingine wanashinda njaa hukusanyika hapo kwa wingi. Kuvu waharibifu nao huvutwa na harufu ya chakula hichohicho, kwa hiyo vita vya kulinda mzizi hupiganwa katika unene wa milimita chache tu, na anayewahi kushika nafasi huwa na faida kubwa juu ya anayechelewa.

Mfano uliochunguzwa kwa kina kuliko yote ni wa ngano. Zao hilo hushambuliwa na kuvu aitwaye Gaeumannomyces tritici, ambaye hutambaa juu ya mizizi kwa nyuzi nyeusi, hupenya ndani na kuziba mirija ya kupitishia maji, hata sehemu ya chini ya bua ikageuka nyeusi na masuke yakawa meupe kabla ya wakati wake, yakiwa na punje zilizosinyaa au yasiwe na punje kabisa. Kinga ya kawaida ni kubadilisha mazao, kwa sababu kuvu huyu hudhoofika akikosa mizizi ya nafaka kwa msimu mmoja au miwili. Anayepanda ngano juu ya ngano hutarajiwa kupata hasara inayoongezeka, na ndivyo inavyokuwa miaka ya mwanzo. Kisha hutokea jambo lililowashangaza watafiti wa nchi nyingi: baada ya miaka kama minne hadi sita ya ngano mfululizo, pamoja na mlipuko mmoja mkali wa ugonjwa, ugonjwa wenyewe hupungua, mavuno hupanda tena, na shamba hukaa katika hali hiyo ilmradi ngano iendelee kupandwa. Uholanzi hali hiyo ilichunguzwa miaka ya 1960 katika ardhi iliyotwaliwa kutoka baharini, ambako udongo ulikuwa mpya na ugonjwa ulikuwa mkali mno mwanzoni. Katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, ilichunguzwa na R. James Cook na wenzake katika mashamba ambayo yalikuwa yamelimwa ngano kwa miaka mingi.

Swali la kwanza lilikuwa kama ulinzi huo unatokana na kiumbe hai au na hali ya udongo, kwa mfano chumvi zake au uchachu wake. Jaribio lililolijibu ni jepesi kueleweka na ni zuri kwa uwazi wake. Cook, akishirikiana na Albert Rovira wa Australia, walichukua udongo wa shamba lililokwisha kupona wakauchanganya kwa kiasi kidogo sana, hata sehemu 1 katika 100, na udongo mwingine uliotiwa kuvu wa ugonjwa, na ngano iliyooteshwa humo ikapata nafuu. Udongo uleule wa kinga ulipopashwa joto la nyuzi 60 za Selsiasi kwa nusu saa kabla ya kuchanganywa, nafuu ilitoweka. Chumvi haifi kwa joto la nyuzi 60 wala haiongezeki ikichanganywa katika udongo mwingine, ilhali kiumbe hai hufanya yote mawili, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 1976 yakaelekeza kidole kwa bakteria, hasa kundi la Pseudomonas, ambao ni bakteria wenye umbo la kijiti, wanaoogelea kwa mikia membamba na kuongezeka haraka sana panapokuwa na chakula kinachovuja mzizini.

Kuelekeza kidole si kuthibitisha, na uthibitisho ulihitaji zana za jeni. David Weller na Linda Thomashow, waliofanya kazi Pullman, katika jimbo hilohilo, walikuwa na aina ya Pseudomonas fluorescens iliyopewa namba 2-79, iliyotoka kwenye mizizi ya ngano na ambayo hutengeneza kiuavijasumu cha kundi la fenazini, yaani kemikali ambayo kiumbe mmoja huitoa ili kuzuia au kuua viumbe wengine. Walitengeneza bakteria waliofanana na 2-79 kwa kila kitu isipokuwa jeni moja ya fenazini iliyovurugwa, wakapaka baadhi ya mbegu za ngano bakteria wazima na nyingine bakteria wenye jeni iliyovurugwa. Waliokosa fenazini walilinda mizizi kwa udhaifu. Waliporudishiwa jeni, ulinzi ulirudi. Matokeo hayo yaliyotoka mwaka 1988 yana uzito wa pekee katika taaluma hii, kwa kuwa hadi wakati huo wapinzani walidai kwamba viuavijasumu ni mambo ya maabara tu, yasiyotengenezwa udongoni kwa kiasi cha kufaa. Miaka miwili baadaye kundi hilohilo lilionyesha kwamba fenazini yenyewe inaweza kukamuliwa kutoka kwenye mizizi ya ngano iliyopandwa na bakteria huyo.

Hata hivyo, katika mashamba yaliyopona yenyewe mlinzi mkuu alikuwa mwingine. Jos Raaijmakers na Weller waligundua kwamba mizizi ya ngano katika udongo wa kinga imejaa Pseudomonas wanaotoa kiuavijasumu tofauti, kiitwacho kwa kifupi DAPG, na kwamba ulinzi hujitokeza idadi yao inapozidi takriban 100,000 kwa kila gramu ya mzizi, ilhali katika udongo usio na kinga walikuwa wachache mno au hawakuonekana. Hapo kipindi cha kusubiri miaka minne hadi sita kilipata maelezo. Kila msimu wa ngano huwalisha bakteria hao na kuwaongeza, na mizizi yenye vidonda vya ugonjwa, inayovuja chakula zaidi kuliko mizizi mizima, huwalisha zaidi; ndiyo maana mlipuko wa ugonjwa hutangulia kupona. Ngano yenyewe, msimu baada ya msimu, inawafuga walinzi wake.

Uchunguzi wa baadaye katika jimbo hilo uliongeza jambo ambalo halikutarajiwa. Mashamba ya Washington yanayotegemea mvua haba yalikutwa na wingi wa bakteria wa fenazini, na yale yanayomwagiliwa yakakutwa na wengi zaidi wa DAPG. Zao ni lilelile na maeneo hayako mbali, lakini tofauti ya unyevu peke yake inatosha kubadilisha mlinzi anayestawi. Mtu anayenunua pakiti ya bakteria waliochaguliwa katika shamba la umwagiliaji na kuitumia katika nchi kavu anapaswa kulikumbuka hilo, na muuzaji anapaswa kulikumbuka zaidi.

Kuhusu namna bakteria wanavyomzuia kuvu, viuavijasumu ni njia moja kati ya kadhaa, na aghalabu bakteria mmoja hutumia zaidi ya moja kwa wakati uleule. Njia iliyoeleweka mapema ni kunyang'anyana madini ya chuma. Udongo una chuma kingi, lakini kingi kimeshikamana katika hali isiyoyeyuka, kwa hiyo bakteria wengi hutoa molekuli ziitwazo siderofori, ambazo hukamata chuma na kukirudisha kwa mwenyewe, na kuvu asiye na molekuli zenye nguvu kama hizo hukosa chuma na kudumaa. Joseph Kloepper na wenzake walilionyesha jambo hilo mwaka 1980, wakitumia bakteria ambao mwangaza wao wa kijanikimanjano chini ya taa ya urujuanimno hutoka kwenye siderofori hizohizo. Huko Morens, nchini Uswisi, uchunguzi wa udongo ambao tumbaku yake haikushikwa na ugonjwa wa mizizi myeusi ulitoa bakteria aitwaye CHA0, na kwa kuvuruga jeni zake moja moja watafiti walibaini kwamba, pamoja na DAPG, bakteria huyo hutoa sianidi ya hidrojeni, gesi yenye sumu kali inayochangia kumzuia kuvu kwa kiwango ambacho tumbaku inakivumilia.

Njia nyingine haimgusi kuvu kabisa. Mwaka 1991 watafiti wa Uholanzi waliokuwa wakichunguza mnyauko wa maua ya mikarafuu ya bustani, na wengine Marekani waliokuwa wakichunguza matango, walieleza kwa nyakati karibu sawa kwamba bakteria wakiwekwa kwenye mizizi, mmea mzima huwa tayari zaidi kujihami, hata dhidi ya kimelea anayeshambulia shina au majani ambako bakteria hao hawajafika. Mmea huwa umeshtushwa kidogo, kinga zake hazijawashwa zote, lakini adui akiingia hujibu upesi na kwa nguvu zaidi. Njia hii huitwa kinga iliyoamshwa, na umuhimu wake ni kwamba kuvu hapati sumu ya kuizoea, kwa hiyo usugu wa aina ile unaojitokeza dawa moja inaponyunyiziwa mwaka baada ya mwaka una nafasi ndogo ya kutokea.

Kundi la pili kubwa la walinzi ni la Bacillus, na hapa historia inapita Afrika ya Kati. Miongoni mwa kemikali za Bacillus zinazotegemewa zaidi dhidi ya kuvu imo iturini, ambayo Delcambe na Devignat waliieleza katika miaka ya 1950 kutokana na bakteria aliyetolewa katika udongo wa Ituri, mashariki mwa Kongo, ilipokuwa bado koloni la Ubelgiji. Iturini ni lipopeptidi, maana yake ni mnyororo mfupi wa asidi amino uliounganishwa na mkia wa mafuta, na muundo huo huiwezesha kujipenyeza katika utando wa mafuta unaoizunguka seli ya kuvu na kuutoboa, mpaka chumvi na virutubisho vya ndani vikavuja na seli ikafa. Nguvu yake inategemea ergosteroli, mafuta yaliyomo katika utando wa kuvu na ambayo hayamo katika utando wa bakteria wenzake. Bacillus wengi hutoa pia fengisini, inayofanya kazi ya kufanana na hiyo, na safaktini, ambayo haina makali sana kwa kuvu lakini humsaidia bakteria kutandaa juu ya mzizi na huamsha kinga ya mmea. Jenomu ya Bacillus velezensis FZB42, iliyosomwa yote na kuchapishwa mwaka 2007, ilionyesha kwamba karibu sehemu 1 katika 10 ya maagizo yake yote ya urithi imetengwa kwa ajili ya kutengeneza kemikali za namna hii. Kwa kiumbe ambaye lazima abebe kila jeni kwa gharama ya chakula chake, hicho ni kiwango kikubwa, na kinaeleza vita vya udongoni ni vikali kiasi gani.

Bacillus wana sifa moja zaidi ambayo imewafanya watawale soko. Wakikabiliwa na ukame au njaa hujifungia ndani ya spora, ambayo kwa bakteria ni umbo la kujihifadhi na si la uzazi, lenye kuta nzito zinazostahimili joto na ukavu, hivyo wanaweza kukaushwa kuwa unga, kufungwa katika pakiti na kukaa dukani kwa muda mrefu. Pseudomonas hawana spora, hufa kwa urahisi wakikaushwa, na ndiyo sababu bakteria walioeleweka vizuri kuliko wote katika maabara wamekuwa adimu madukani. Hata hivyo jambo hilo linawezekana: Sweden ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuuza Pseudomonas chlororaphis waliochanganywa na mafuta ya mimea kwa ajili ya kupaka mbegu za shayiri, na mafuta hayo huwakinga dhidi ya kukauka kabla ya mbegu kufika ardhini.

Pengo kati ya maabara na shamba limevunja moyo wengi, na sababu zake zinastahili kuelezwa bila kufichwa. Kipimo cha kwanza katika utafutaji mwingi ni sahani ya maabara yenye chakula laini, ambapo bakteria huwekwa upande mmoja na kuvu upande wa pili, na eneo tupu likijitokeza katikati huhesabiwa kuwa ushindi. Sahani hiyo ina chakula tele, joto lisilobadilika na washindani wasiokuwapo. Udongoni bakteria huyohuyo hukutana na mamia ya mamilioni ya bakteria wengine katika kila gramu, na wanyama wadogo wa seli moja wanaomla, na usiku wa baridi, na siku za kiangazi, na anaweza kushindwa kuongezeka kufikia idadi inayotosha kutoa hata tone la kiuavijasumu. Wengi wa Pseudomonas, tena, hawatoi fenazini wakiwa wachache. Husubiri hadi wapimane kwa ishara za kemikali na kujua kwamba wametosha. Kwa hiyo bakteria wa wastani katika sahani lakini hodari wa kukaa mzizini anafaa zaidi kuliko yule mwenye sumu kali asiyeweza kukaa, na mpango wowote wa utafutaji unaoanza na sahani na kuishia hapo umepoteza fedha.

Kuvu naye hasimami kusubiri kuuawa. Brion Duffy na Geneviève Défago walionyesha mwaka 1997 kwamba Fusarium anayeozesha mizizi ya nyanya hutoa asidi ya fuzari, ambayo pamoja na kuudhuru mmea huzima utengenezaji wa DAPG ndani ya bakteria mlinzi, na silaha inatulia ingawa aliyeishika yupo. Watafiti hao walipoongeza madini ya zinki katika maji yanayolisha nyanya, kuvu alipunguza asidi yake na bakteria akarejea kazini. Somo la ugunduzi huo ni zito kwa wanaopenda kutenganisha mbolea na kinga ya magonjwa, kwa sababu unaonyesha kwamba lishe ya udongo inaweza kuamua kama bakteria aliyenunuliwa kwa bei kubwa atafanya kazi au atakaa kimya.

Usalama nao hauwezi kuchukuliwa juujuu. Bakteria kuitwa wa asili hakumaanishi kwamba hawana madhara kwa binadamu. Burkholderia cepacia alielezwa mwaka 1950 na Walter Burkholder kutokana na vitunguu vilivyooza huko New York, baadaye aina zake nyingine zikaonekana kuwa walinzi hodari wa mizizi dhidi ya kuvu, zikapewa nafasi katika kilimo. Lakini kundi hilohilo husababisha maambukizi hatari ya mapafu kwa wagonjwa wenye ugonjwa wa kurithi wa sistiki faibrosisi, na Marekani ikaweka vizuizi vikali juu ya matumizi yake shambani. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kwa ajili hiyo kila bidhaa inapaswa kutaja jenasi, spishi na namba ya aina yake, si neno la jumla kama bakteria wazuri, na nchini Tanzania viuatilifu vya kibayolojia huhitaji usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kama ambavyo Kenya vinahitaji usajili wa Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu.

Afrika Mashariki ina uzoefu wa kutosha wa kusambaza bakteria hai kwa wakulima, ingawa kwa kusudi jingine. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilitengeneza Nitrosua, na Chuo Kikuu cha Nairobi kiko nyuma ya Biofix, bidhaa zote mbili zikiwa na Rhizobium, bakteria wanaoingia katika mizizi ya mikunde na kuipatia naitrojeni. Matatizo ya bidhaa hizo ndiyo yatakayokuwa ya walinzi wa kuvu: pakiti iliyoachwa juani katika duka la pembejeo, usafiri wa siku nyingi bila ubaridi, tarehe iliyopita, na bidhaa nyingine zisizo na idadi ya bakteria iliyoandikwa juu ya karatasi yake. Imani ya wakulima hujengwa kwa miaka na huvunjwa kwa pakiti moja iliyokufa.

Mahitaji yapo, na ni makubwa. Magharibi mwa Kenya na Rwanda kuoza kwa mizizi ya maharage kulienea sana miaka ya 1990, ambapo mashamba yalikuwa yamegawanywa hadi kuwa vipande, maharage yakipandwa misimu yote miwili ya mwaka na rutuba ikishuka. Inafaa kutambua kwamba hapa kupanda zao lilelile mfululizo hakukuleta kupona kama kulivyoleta kwa ngano ya Washington, bali kulizidisha ugonjwa. Vimelea vilikuwa vingi kwa pamoja, vikiwamo Fusarium na Pythium, huyu wa pili akiwa si kuvu halisi bali jamaa wa mbali anayefanana nao kwa sura na kwa madhara, na udongo uliochoka haukuwa na chakula cha kufuga walinzi. Kilichosaidia ni mbegu zenye ukinzani, matuta ya kuinua mizizi juu ya maji yaliyotuama, na samadi au majani mabichi yaliyofukiwa, ambayo huongeza rutuba na pia hulisha bakteria wa udongo. Yeyote atakayeleta bakteria wa pakiti katika maeneo hayo atapaswa kuwaleta juu ya msingi huo, maana katika udongo mkavu usio na mboji hawatapata pa kukaa.

Kwa migomba tahadhari inahitajika zaidi. Aina ya Fusarium inayoitwa TR4, inayoua migomba ya ndizi za kuuza nje na aina nyingine nyingi, ilithibitishwa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013, na hakuna bakteria aliyethibitishwa kuuponya mgomba uliokwisha kuambukizwa. Anayemuuzia mkulima matumaini hayo anamdhuru, kwa sababu anamchelewesha kuchukua hatua zinazofaa kweli, ambazo ni kutotoa machipukizi katika shamba lenye ugonjwa, kusafisha majembe na viatu, na kutumia miche safi iliyozalishwa maabara.

Mahali ambapo bakteria walinzi wana nafasi nzuri zaidi kwa sasa ni kitaluni, na sababu inarudi kwenye suala la kuwahi nafasi. Mbegu iliyolowekwa katika maji yenye spora za Bacillus, au mche uliochovywa mizizi kabla ya kuhamishiwa shambani, huingia ardhini ukiwa tayari na wakazi, na kuvu anapofika hukuta chakula kimeanza kuliwa. Kiasi kinachohitajika ni kidogo, gharama ni ndogo kuliko kumwagilia shamba zima, na mkulima anaweza kusimamia unyevu na kivuli cha kitalu kwa namna asiyoweza kufanya shambani. Maji ya bomba yenye klorini nyingi yaachwe wazi kwa siku moja kabla ya kuchanganywa. Mrututu na dawa nyingine zenye shaba zisichanganywe humo, kwani shaba huua bakteria pamoja na kuvu, na kazi ya kuchovya ifanywe jioni, kwa sababu jua kali huua bakteria walio wazi.

Maafisa ugani wanaotaka kujua kama bidhaa fulani inafaa katika kata yao wanahitaji tuta moja lililogawanywa katikati, nusu ikiwekewa bakteria na nusu ikiachwa, mbegu, maji na samadi zikiwa sawa kwa pande zote mbili, na jaribio hilo lirudiwe katika vitalu vya wakulima kadhaa badala ya kimoja. Majani hudanganya, hivyo miche kadhaa ing'olewe kila upande, ioshwe, na mizizi ilinganishwe kwa rangi na wingi wa vinyweleo kabla ya mtu kutoa hukumu. Msimu ambao kinyausi hakikutokea, pande zote mbili zitafanana, na matokeo ya msimu huo hayaonyeshi kwamba bakteria wameshindwa wala kwamba wamefaulu. Jaribio liendelee hadi msimu wa mvua nyingi, ugonjwa utakapokuja wenyewe.